Libero anauliza: yule mama anajuaje mpira utaangukia wapi?

Libero_Umoja (Jumapili, saa mbili usiku)

Habari zenu wote. Nina swali ambalo limeninyima usingizi tangu jana. Naomba mnijibu kwa undani, kwa sababu kocha wangu amenijibu kwa neno moja tu: "Uzoefu."

Nina miaka 20, ni libero wa timu ya voliboli ya mtaa huku Umoja, Nairobi, yaani yule mchezaji wa nyuma ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira. Nafasi hii nimeicheza tangu kidato cha pili. Kimo changu ni mita 1.57, kwa hivyo mwalimu aliniangalia mara moja akanipa jezi ya rangi tofauti na ya wenzangu, na sijaivua hadi leo. Mbio ninazo. Katika timu yetu hakuna anayenishinda kukimbia kutoka laini hadi laini, na nikijitupa kuokoa mpira siogopi kuchubuka.

Jana tulicheza mechi ya kirafiki na timu ya akina mama wa upande wa Jericho. Libero wao ana kama miaka 45 hivi. Goti la kulia amelifunga bandeji, na kabla ya mechi nilimwona akipanda ngazi za jukwaa huku amejishikilia. Nikasema moyoni leo ni siku yetu. Wapigaji wetu wawili wana nguvu kweli, na mmoja amewahi kufanya majaribio na klabu ya ligi kuu.

Basi kila tukipiga, yuko pale. Hakujitupa hata mara moja. Anasogea hatua mbili, anainama, mpira unamjia mikononi. Kuna mmoja wa seti ya tatu sitausahau. Mpigaji wetu aliruka kama anayetaka kuupasua mpira, bloku yao, wale wazuiaji wa kwenye wavu, ikaruka naye, halafu akaudokoa tu kwa vidole ukapita juu yao. Yule mama alikuwa ameshaanza kutembea mbele. Nasema kutembea! Mkono wa mpigaji ulikuwa bado nyuma ya kichwa, na mama anatembea kwenda mahali mpira utakapoanguka.

Mimi huku nilikuwa nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na mipira mingi niliigusa kwa ncha za vidole tu ikatoka nje. Tulifungwa seti tatu kwa moja.

Anaona nini ambacho mimi sikioni? Na je, kinafundishika, au lazima ningoje nifike umri wake? Mwezi ujao tuna mashindano Mombasa.

Nyundo_Kayole (Jumapili, saa mbili na nusu)

Pole dada. Kwangu mimi siri ni moja: usiondoe macho kwenye mpira, hata sekunde moja. Wachezaji wengi wanaangalia watu, mpira unawapita. Hao wakubwa wanabahatisha, na wakikosa hakuna anayekumbuka. Ongeza mazoezi ya kasi, utamfikia.

Seta_wa_Makongeni (Jumapili, saa nne usiku)

Mwanangu wa Umoja, nimesoma swali lako mara mbili. Nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kulala na lile jibu la "uzoefu". Simjui huyo mama wa Jericho, ila nadhani najua alikopita, kwa sababu nilipita huko huko.

Kwanza, ndugu Nyundo, nakuheshimu, lakini ushauri huo ndio unaowachelewesha malibero wetu. Mpira ukishatoka mikononi mwa seta, yule anayewainulia wapigaji, na kupanda, habari yake yote umeipata. Unajua unakwenda upande gani, umekaribia wavu au umeachana nao, uko juu au chini. Hautabadilisha njia huko angani. Anayeweza kubadilika ni mpigaji, na yeye ndiye hamumwangalii mpaka ameshapiga.

Mimi nilijifunza hili kwa kulazimishwa na jua. Nilianza voliboli kidato cha kwanza mwaka 1991, kwenye uwanja wa shule moja ya Eastlands, ule udongo mweusi ambao mvua ya Aprili ikinyesha unanata kwenye viatu mpaka unajiona umeongezeka kimo. Wavu ulikuwa umefungwa hivi kwamba upande mmoja mnatazama magharibi. Mazoezi yalikuwa baada ya masomo. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni mpaka jua lilipotua, mpira wowote uliokwenda juu uliingia kwenye mwanga na kupotea. Ukiinua macho unapofuka. Sisi tuliopangiwa upande ule tulizoea kutazama chini: miguu ya mpigaji, kiuno, bega. Mpira tulikuja kuuona ukiwa umeshavuka wavu. Miaka kadhaa baadaye nilipoingia ukumbi wa Nyayo, taa juu, hakuna jua, nikagundua kwamba bado sitazami juu, na kwamba ninafika mapema kuliko wenzangu waliokuwa na mbio kunizidi.

Jambo la pili ndilo kubwa, na naomba ulisome polepole. Mwaka 1991 hapakuwa na libero. Sheria ya libero ilikuja mwaka 1998. Kabla ya hapo, awe mfupi awe mrefu, ulizunguka nafasi zote sita na ulicheza mbele zamu yako ikifika. Mimi seta nilipiga, nikaruka bloku, nikapokea sevu. Mtu wa kimo chako alipofika mbele ilibidi apige hivyo hivyo, na kwa kuwa hakuweza kupiga juu ya bloku alijifunza kudokoa, kupiga vidole vya mzuiaji ili mpira utoke nje, kuutupa mrefu nyuma kabisa. Kama huyo mama ana miaka 45, alianza kucheza katika uchezaji ule.

Sasa fikiria alichokiona kwenye ule mpira wa seti ya tatu. Ili udokoe, lazima mkono upunguze mwendo kabla ya kufika kwenye mpira. Kiwiko kinasimama karibu na sikio badala ya kurushwa mbele. Mgongo haukunjiki nyuma kama upinde. Wengi hata hatua yao ya mwisho wanaifupisha, kwa sababu mwili umeshajua hautahitaji nguvu. Huyo mama ameifanya kazi hiyo yeye mwenyewe maelfu ya mara. Alipoona bega la mpigaji wenu, bega lake mwenyewe lilitambua, na miguu ikaondoka kabla hajawaza lolote.

Kwa hivyo nakuuliza wewe: umewahi kupiga? Simaanishi kurusha mikono kwa kucheza wakati wa kupasha mwili moto. Namaanisha kukimbilia mpira ulioinuliwa, ukaruka, ukakuta bloku mbele yako, ukalazimika kuamua hewani. Ulivalishwa jezi ya libero ukiwa na miaka kama 15. Libero haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya ukingo wa wavu. Basi umekaa miaka mitano ukiwatazama watu wakifanya jambo ambalo mwili wako haujawahi kulifanya. Hilo linaniuma kwa sababu si kosa lako. Wasichana wengi wafupi Nairobi wanafanyiwa hivyo.

Nikueleze sasa mimi nasomaje, kwa mpangilio wa mambo yanavyotokea.

Kabla ya sevu, natafuta seta wao yuko wapi. Kama yuko mstari wa nyuma, wana wapigaji watatu mbele, ila yeye mwenyewe haruhusiwi kuusukuma mpira ulio juu ya wavu uje kwetu akiwa ndani ya zile mita tatu za karibu na wavu. Basi hofu hiyo naitoa kichwani. Kama seta yuko mbele, wapigaji wa mbele ni wawili, lakini lazima nimwekee macho, maana anaweza kuutupia upande wetu kwa mguso wa pili. Ni jambo la kuhesabu tu, na bado katika ligi za mitaa naona timu nzima haijui seta wa wapinzani yuko mbele au nyuma.

Kisha pasi yao ya kwanza. Hapa ndipo kuna utajiri na ndipo watu hawatazami. Pasi ikimfikia seta karibu na wavu, katikati ya nafasi ya 2 (mbele kulia) na ya 3 (mbele katikati), ana chaguo zote. Ikimtoa nje ya zile mita tatu, ule mpira wa haraka wa katikati umekaribia kufa. Kilichobaki ni mpira mrefu wa pembeni, na mara nyingi ni upande anaoutazama, kwa sababu kuupeleka nyuma ya kichwa chake kutoka huko ni kazi ngumu. Pasi mbaya inakupa sekunde nzima ya bure. Wewe katika sekunde hiyo umesimama unaangalia mpira unavyopaa.

Halafu mpigaji. Wewe uko namba 5, nyuma kushoto, kwa hivyo mpigaji wao wa kushoto akipiga krosi, yaani mshazari, ni wako, na mpigaji wao wa kulia akipiga laini, yaani moja kwa moja kufuata ukingo wa uwanja, ni wako. Tazama mpira ulioinuliwa umeangukia wapi ukilinganisha na mwili wake. Ukifika kwenye antena, ile fimbo ya ukingoni mwa wavu, au kuielekea nje, laini imejifunga yenyewe, maana mpira lazima upite ndani ya antena: jiandae kwa krosi. Ukimpita nyuma ya kichwa, hana nguvu ya kuupeleka chini, atautupa mrefu. Ukiwa umeganda juu ya wavu, tarajia kusukumana na bloku au kudokoa. Ukiwa mbele yake kidogo, umbali mzuri, mgongo umekunjika, basi shuka chini utulie, huo unakuja kwa nguvu.

Ila uzoefu nao hudanganya, na hili sikulijua mpaka nilipokuwa na miaka karibu 30. Kulikuwa na mpigaji wa kushoto wa timu fulani ambaye tulikutana naye misimu mitatu. Mwanzo wa seti alipiga krosi, krosi, krosi. Ikifika pointi ya 20 na kuendelea, laini. Nikajiambia nimemjua: presha ikipanda anakimbilia laini. Nilipokuwa nyuma nalinda namba 1, yaani nyuma kulia, ikifika 20 nilikuwa nawapigia wenzangu kelele "Laini!" na tunasogea wote. Tulimpata mara nyingi sana. Halafu siku moja, 22 kwa 22, wakabadilisha seta, akaingia msichana mwenye nguvu zake. Nikapiga kelele yangu, tukasogea, na yule mpigaji akatupiga krosi tatu mfululizo katikati ya uwanja mtupu.

Msimu uliofuata alihamia klabu yetu, nikawa mimi ndiye ninayemwinulia. Nikamuuliza. Akasema hakuwahi kufikiria pointi. Seta wao wa zamani alikuwa akichoka mwisho wa seti, mipira yake ikawa haifiki kwenye antena, inaangukia ndani. Nafasi ya laini ikafunguka, naye akaitumia. Misimu mitatu nilikuwa nahesabu pointi, kumbe kilichokuwa kinasema ni mikono iliyochoka ya mtu mwingine. Jibu langu lilikuwa sahihi na sababu yangu ilikuwa ya uongo. Alipobadilika yule mchovu, uzoefu wangu wote ukageuka mtego.

Unachoweza kufanya kabla ya Mombasa ni hiki. Wenzako wakifanya mazoezi ya kupiga, simama nyuma ya laini ya mwisho, na kabla mkono haujagusa mpira tamka neno moja kwa sauti: "laini", "krosi", "dokoa", au "ndefu". Lazima liwe kabla, na liwe kwa sauti ili usijidanganye baadaye. Mtu mwingine aandike umepata au umekosa. Ukikosa, usiendelee mpaka ujiulize ulikuwa unatazama nini. Pia mwombe kocha akupe mipira 30 ya kupiga kila siku ya mazoezi. Atakwambia libero hapigi. Mwambie unajua, na kwamba unataka kujua inavyouma kufika ukiwa umechelewa chini ya mpira.

Mwalimu_wa_Michezo (Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi)

Mama seta ameandika kwa uzoefu, nami nimwongezee hesabu kidogo, ninayowafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huku Kasarani.

Chukua mpira uliopigwa kwa kilomita 90 kwa saa. Hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Kutoka kwa mpigaji hadi mikononi mwa libero tuseme ni mita 8. Mpira unafika baada ya sekunde 0.32. Mtu mwenye afya, akiona kitu na kuanza tu kujibu kwa mwili, anatumia karibu sekunde 0.2. Zinabaki sekunde 0.12, na ndani ya muda huo huwezi kupiga hatua moja kamili. Kwa hivyo dada, kasi yako ya kutoka laini hadi laini ni nzuri, lakini kwa mpira wa namna hiyo inaanza kufanya kazi wakati mchezo umeisha. Anayeupata aliondoka kabla.

Na lile la kupiga mwenyewe limepimwa. Mwaka 2008 Salvatore Aglioti na wenzake, watafiti wa Italia, waliwaonyesha watu video za mitupo huru ya mpira wa kikapu zilizokatwa mapema, wakawauliza kama mpira utaingia. Wachezaji walitambua mapema kuliko makocha na waandishi wa habari za michezo, watu ambao wametazama mitupo mingi sana. Wachezaji walikuwa wakisoma mwili wa mrushaji, hata kabla mpira haujatoka mkononi. Mwaka 2012 Cosimo Urgesi, Aglioti na wenzao wakaja kwenye voliboli yenyewe, kwa sevu zinazoyumba. Vijana waliofanya mazoezi ya kuseva kwa mwili waliboreka katika kusoma mwili wa anayeseva. Waliojifunza kwa kutazama tu waliboreka katika kusoma njia ya mpira. Vyote vina faida, lakini kimoja kinafika mapema.

Ndiyo maana huenda kocha wako hakukuficha kitu. Mtu anaweza kulijua jambo kwa bega lake na akakosa maneno ya kulitoa.

Mwana_wa_Tudor (Jumatatu, saa sita mchana)

Karibuni Mombasa, dada. Niongeze moja tu kwa kuwa mnakuja kwetu. Nairobi mko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa yenu nyepesi, mpira unapaa mbali. Huku pwani hewa nzito, mpira unakatika mapema. Nimeona timu nyingi za bara, siku ya kwanza wapokeaji wamesimama nyuma mno, sevu zinawaangukia miguuni, na wanalaumiana. Jicho lao halina kosa, limezoea hewa ya kwao. Njooni mapema kama mwaweza, mpokee sevu mia moja kabla ya mechi ya kwanza. Na mkicheza nje, muulizeni mwenyeji upepo wavuma kutoka wapi saa hiyo.

Nyundo_Kayole (Jumatatu, saa moja usiku)

Mama seta, nimekubali. Mimi ni mpigaji, sijawahi kucheza nyuma kwa muda mrefu. Leo nimejaribu kutamka kabla ya mpira kupigwa na nimepata chini ya nusu. Asante.

Libero_Umoja (baada ya wiki mbili, Jumapili, saa tatu usiku)

Nimerudi. Mama, asante sana, na mwalimu pia, na kaka wa Tudor.

Kocha alikataa mipira ya kupiga siku ya kwanza. Siku ya pili nikamsomea hesabu ya sekunde 0.32, akanyamaza kidogo, akanipa mipira 20. Mama, ulisema kuhusu kufika umechelewa chini ya mpira. Nimekuelewa sasa! Unakuwa huna pa kuupeleka isipokuwa juu. Siku ya tatu nilikuwa nyuma nikamwona mwenzangu amefika vile vile, na nikahisi tumboni, sijui niseme vipi, nikarudi nyuma hatua moja, na mpira ukaja mrefu ukanikuta.

Nimeweka daftari. Siku ya kwanza mipira 40, nilipata 17. Jana mipira 40, nikapata 26.

Lakini kuna tatizo jipya. Yule mpigaji wetu mwenye nguvu amegundua kwamba ninaondoka mapema. Sasa ananionyesha bega la krosi halafu anapiga laini, na ananicheka. Kabla ya haya yote nilikuwa nachelewa. Sasa nafika mapema mahali pasipo sahihi. Na kwenye daftari, makosa yangu mengi ni kwake yeye. Nifanye nini?

Seta_wa_Makongeni (Jumapili, saa nne na robo usiku)

Mwanangu, 26 kati ya 40 kwa wiki mbili ni kazi ya mtu mwenye bidii. Hongera.

Hilo la mpigaji wako limenikumbusha marehemu Janet Wanja, aliyekuwa seta wa Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, na kwenda nao Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Nilikuwa nikipanda jukwaani Nyayo kumtazama kwa sababu ya kazi yangu. Najaribu kubashiri kwa mikono yake mpira utakwenda wapi. Nilikosa na kukosa. Mikono, kichwa, mgongo, vyote vilikaa namna moja mpaka mpira unaondoka. Mwishowe nikaacha kumtazama yeye. Nikatazama pasi iliyomfikia na mpigaji wa katikati alivyokimbia, nikaanza kupata kidogo.

Basi fanya hivyo hivyo. Kwa mpigaji wako, gawa unachokiona mara mbili. Kuna anachoweza kukionyesha kwa hiari yake: macho, kichwa, bega. Anaweza kukudanganya kwa hivyo, na mpigaji mzuri ni wajibu wake kudanganya. Halafu kuna asichoweza kukibadilisha akiwa hewani: miguu yake iliruka kutoka wapi, na mpira uko wapi ukilinganisha na kichwa chake. Ukiwa nje kwenye antena, aonyeshe bega lolote, laini hana. Kwenye daftari lako ongeza safu moja: uliamua kwa kutazama nini? Nadhani utakuta makosa mengi yako kwenye bega.

Pili, tenganisha kujua na kuondoka. Huyo mama wa Jericho, ulisema mwenyewe, alisogea hatua mbili akainama. Aliposogea mpigaji alikuwa bado anakimbia chini, hajaruka. Mkono ulipofika kwenye mpira mama alikuwa amesimama, uzito kwenye vidole vya miguu, ametulia. Ukiwa unasogea wakati wa kupigwa, mpigaji anakuona na mwili wako unakataa kurudi. Kwa ule mpira wa kudokoa alitembea, kwa sababu mkono uliokwisha kupunguza mwendo hauwezi tena kupata nguvu. Hapo hapakuwa na la kungoja.

Nilipotazama Malkia Strikers wakicheza na Japani huko Paris mwaka 2024, tukafungwa seti tatu bila, watu sebuleni kwangu walisema tunahitaji wasichana warefu zaidi. Wajapani si warefu! Nilikuwa natazama miguu yao ya nyuma. Wapigaji wetu waliporuka, Wajapani walikuwa wameshasimama. Mpira ulipofika hakuna aliyekuwa anakimbia. Nililia kidogo, sisemi uongo, kwa sababu ni kitu ambacho wasichana wetu wa Umoja na Kayole wanaweza kukijua wakipewa nafasi ya kucheza nafasi zote wangali wadogo.

Mazoezi yenu Jumamosi ni saa ngapi? Nikishuka matatu namba 58 pale Buruburu, kufika Umoja si mbali. Nitakuinulia mipira, mibaya kwa makusudi: mingine nyuma ya kichwa, mingine imeganda juu ya wavu, mingine nje kwenye antena. Wewe utapiga yote. Na huyo anayekucheka mwambie avae viatu aje akae nyuma, namba 5, akupokee.

Libero_Umoja (Jumapili, saa nne na nusu usiku)

Saa tatu asubuhi, mama. Nimeshamwambia. Amesema atakuja.